Nyuzi za Chini ya Kola

Mwanangu alifukuzwa kazi mara mbili asubuhi moja, na mtu yule yule, na mara zote mbili chanzo nilikuwa mimi. Nimeona niliandike mwenyewe jambo hili kabla baba yake hajaendelea kulisimulia kwa namna yake. Yeye hakuwepo, alikuwa safarini na lori lake, lakini ukimsikia anavyolieleza utadhani alikuwa amekaa juu ya pasi.

Huyu ni mtoto wetu wa pili. Nyumbani tunamwita Mpekuzi. Alipokuwa na miaka saba alifumua mkoba wake wa shule, mshono kwa mshono, ili aone umeshonwaje, kisha akaurudishia kwa sindano ya bibi yake. Ulirudi mdogo, madaftari mawili yakabaki nje, lakini ulirudi. Siku ile ndipo nilipoanza kumwambia neno ambalo nimemwambia maisha yake yote: "Usiguse, kazi ya watu hiyo."

Ndivyo nilivyoishi mimi. Nimefagia zahanati kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo sijafungua kabati ambalo sikuambiwa nilifungue. Wauguzi wamekuja na kuondoka, waganga wakuu wamebadilika watano, mimi na ufagio wangu tupo. Nilitaka mwanangu naye apate pake, akae, atulie, asiguse kitu.

Alipomaliza sekondari na matokeo yake yakawa ya kati, si ya kulia wala ya kushangilia, nilimwendea mzee aliyekuwa akifua mashuka ya zahanati. Mzee yule ana duka la udobi karibu na kituo cha mabasi, chumba kirefu chenye kaunta mbele, mashine tatu za kufulia katikati, na meza ya pasi nyuma. Watu humwita Mzee Wanga. Si wanga ule unaoufikiria, wa watu wanaotembea uchi gizani. Ni ule unaotiwa kwenye nguo ili zikakamae. Mzee anaupenda kupita kiasi. Hata leso yake ya mfukoni ukiigonga inalia.

"Anajua kuandika?" aliniuliza.

"Anajua, mzee."

"Anajua kunyamaza?"

"Atajifunza," nikasema.

Basi akapata kaunta. Alipokea nguo, akaandika jina, akakabidhi nguo zilizokwisha. Kazi safi, ya kivulini, na mshahara wake ukija. Mimi nikapumua. Kwa mwaka mzima nilikuwa nalala kama mtu.

Tatizo likaja kwamba kaunta ndipo watu wanapotolea manung'uniko. Mtu hatoi shati lake akanyamaza. "Dada, angalieni kifungo hiki, mara ya mwisho kilirudi kimepasuka." "Dada, suruali hii zipu inaniaibisha." Mtu mwingine angesema "sawa" na kuyaacha yapite. Mwanangu akanunua daftari. Akawa anaandika kila nung'uniko, la nani, kuhusu nguo gani, tarehe gani.

"Ya nini hayo?" nilimwuliza siku alipokuja nalo nyumbani.

"Mama, kila anayelalamika ananionyesha kazi ambayo hakuna aliyeifanya. Yaani wananiletea kazi mpaka mkononi, na sisi tunawarudishia pamoja na nguo."

"Kazi yako ni kaunta."

"Kaunta ndiyo, mama. Lakini vifungo ni vya nani?"

Nilijua tu kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo yanayomtoa mtu kazini.

Akaanza na vifungo. Chini ya mashine za kufulia huwa panabaki vifungo vilivyong'oka, na kwa miaka vilikuwa vikifagiliwa na kutupwa. Akaviokota, akaviosha, akavitia kwenye kopo kwa rangi na ukubwa. Shati likija bila kifungo, analishonea wakati wa mapumziko yake ya mchana, bila kuambiwa. Watu wakaanza kuona. Mama mmoja alirudi kwa makusudi kuuliza ni nani aliyemshonea kifungo, akaleta koti lenye bitana iliyochanika. Mwingine akaleta sketi. Mpekuzi akabeba nguo hizo nyumbani, akazishona kwa cherehani ya mkono aliyoachiwa na bibi yake, na mimi nikawa nakaa pembeni nikishika tama, nikiona nguo za watu baki zimetandazwa juu ya kitanda changu.

Halafu akaomba kona.

Karibu na dirisha la mbele la duka lile palikuwa na mashine mbovu iliyofunikwa turubai, haijazunguka tangu mwanangu hajaajiriwa. Akamwambia Mzee Wanga: mashine hiyo iondoke, aweke pale cherehani, watu wakileta nguo kufuliwa zirekebishwe hapo hapo. Yeye apate sehemu yake na duka lipate sehemu yake. Alikuwa ameyafikiri yote, mpaka mahali pa kuning'iniza taa.

Mzee akasema, na maneno haya mwanangu alinirudishia neno kwa neno: "Nakupa mwezi mmoja, binti. Washonee hao unaowashonea. Lakini mwezi huu asije mteja hata mmoja kulalamika hapa. Akija mmoja tu, kona nampa kijana wa vifuniko vya simu ambaye ananiomba kila siku, na wewe utafute kaunta nyingine."

Mwanangu alikuja nyumbani anaruka. Mimi nilikaa chini. Yeye alikuwa amesikia "kona". Mimi nilikuwa nimesikia "kaunta nyingine".

Mwezi ule niliishi roho mkononi. Kila jioni namwuliza, "Kuna aliyelalamika?" Naye anajibu, "Hakuna, mama. Bado." Lile "bado" lilikuwa linanikata maini. Zikiwa zimebaki siku nane, nikapekua mkoba wake, nami sijui nilitafuta nini. Nikalikuta lile daftari. Nililisoma kwa kidole, taratibu, mstari kwa mstari, na kila ukurasa ukanizidishia joto. Malalamiko matupu! Huku mzee amesema asisikie hata moja, huku binti yangu anatembea nayo mia na zaidi, yameandikwa kwa kalamu na tarehe zake. Nikaona mzee akiliona tu tumekwisha. Nikalichukua, nikaliingiza ndani ya foronya ya mto wangu, nikaushona mdomo wake. Nikalalia manung'uniko ya watu wiki nzima. Shingo iliniuma sana.

Mpekuzi alilitafuta, akaniuliza. Nikamwambia huenda amelisahau mahali. Mungu anisamehe.

Siku ya mwisho ya mwezi ikaangukia Jumamosi. Mimi Jumamosi siendi zahanati. Nikaamka, nikaona bora nimpelekee chai, kisha nikae karibu nimwangalie mpaka saa saba wanapofunga. Nilifika saa tatu. Mzee Wanga hakuwa amefika. Fundi wa pasi, mtu wa makamo wanayemwita Mvuke kwa sababu ndimo anamoishi, alikuwa nyuma akinyoosha mashuka. Mpekuzi alikuwa anapakua mashine, akaniambia nikae kwenye benchi.

Kando ya benchi palikuwa na rafu. Na juu ya rafu, mashati meupe, yamenyooshwa, yamekunjwa, yamepangwa kama mikate. Ishirini na saba. Yalikuwa ya ofisi ya bima iliyo ng'ambo ya barabara, wafanyakazi tisa, mashati matatu kila mmoja, yote sare, kitambaa kimoja, mshono mmoja, kipimo kimoja, mistari hakuna, maua hakuna. Wangekuja kuyachukua saa sita wakitoka kazini.

Nikayatazama. Na chini ya kola ya shati la juu nikaona nyuzi. Vipande viwili vya uzi mwekundu, vimechomoza. Nikafunua la pili: uzi wa kijani. La tatu: wa buluu, tena umevuka kama msalaba. Siku ya mwisho, saa tatu zimebaki wenyewe waje, na binti yangu anataka kuwapa watu mashati yenye nyuzi za ajabu shingoni? Lazima mmoja angelalamika. Nikatazama huku na huku. Kwenye kaunta palikuwa na mkasi mdogo.

Mimi, niliyefagia zahanati miaka kumi na tisa bila kugusa kabati, nilinyanyuka nikauchukua ule mkasi. Nilifanya kazi nzuri, haki ya Mungu. Sikuacha hata uzi mmoja, wala sikutoboa kitambaa. Mashati ishirini na saba. Nilipomaliza nikazikusanya nyuzi zote kiganjani, nikaenda kuzitupa kwenye pipa la barabarani, nikarudi, nikakaa kwenye benchi langu nimeridhika.

Sijawahi kupeleka nguo kwa dobi maishani mwangu. Nafua mwenyewe. Ningejuaje kwamba nyuzi zile ndizo alama? Karatasi huyeyuka majini, na wino hufifia, kwa hiyo kwa Mzee Wanga kila mteja ana uzi wake chini ya kola, rangi yake na mshono wake, na ndivyo wanavyojua hili la nani na hili la nani. Nilikuwa nimefuta majina ya watu tisa.

Mzee aliingia saa tatu na nusu, akapita bila kusalimu, kama kawaida yake, akaenda kukagua rafu. Alifunua kola ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Kisha akawa anafunua kwa mikono miwili.

"Nani?" akasema. "Nani amekata alama?"

Mpekuzi akaja mbio akifuta mikono. Akaona kola. Akaona mkasi kwenye benchi, karibu na paja langu. Kisha akaniona mimi, na nadhani uso wangu ulikuwa umesema kila kitu.

"Ni mimi, mzee," akasema.

"Wewe?"

"Nilikuwa nasafisha. Nilipitiwa."

"Miaka mitatu unazijua alama hizi, leo unapitiwa mara ishirini na saba? Toka. Huna kazi."

Niseme nilisimama kwa ushujaa? Sikusimama. Nilisema nikiwa nimekaa: "Mzee, ni mimi. Nilidhani ni uchafu."

Nyuma huko pasi ilikuwa inatoa mvuke, shaa, halafu Mvuke mwenyewe akatokeza kichwa kati ya mashuka.

"Mama, umekata yote?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetamani kusikia vizuri.

"Yote, baba."

"Hata lile la chini kabisa?"

"Nimekuambia yote!"

Akarudi ndani ya mashuka, na mashuka yakawa yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Mzee Wanga alinitazama mimi, akamtazama Mpekuzi. "Basi hujafukuzwa," akamwambia, kama mtu anayetema mbegu. "Lakini saa sita watu tisa wanaingia mlango huu, na mimi ndiye nitakayewaambia sijui shati lao. Miaka ishirini na sita sijampa mtu shati la mwenzake."

Mwanangu hakulia. Mimi nilikuwa ninalia tayari kwa ajili yetu sote. Yeye alikuwa amechukua shati moja, analigeuza dirishani kwenye mwanga.

"Mzee," akasema polepole, "mashati haya ni sawa yakiwa mapya. Haya si mapya. Yamevaliwa. Hili hapa lina kitobo cha pini kando ya kifungo cha tatu, unaona? Huyu ni dada wa mapokezi. Aliniambia kifungo kinafunguka akiinama, akawa anabana na pini. Nililiandika." Akasita. "Ningekuwa na daftari langu tungeyapanga yote. Niliyaandika yao wote."

Nikatazama sakafu. Sakafu ya pale ni ya saruji, ina ufa unaoelekea mlangoni. Nilikuwa naufahamu ule ufa vizuri kufikia hapo.

"Mama," akasema Mpekuzi. Neno moja tu.

"Lipo kwenye mto," nikasema.

"Mto gani?"

"Wangu. Nimelishonea ndani."

Kutoka pale hadi kwetu ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu wa kawaida. Nina miaka arobaini na tisa na goti moja lina maneno yake, lakini siku ile goti lilinyamaza. Nilikimbia nimeshika kanga kwa mkono mmoja. Jirani yangu muuza mkaa akanipigia kelele, "Kuna msiba?" Nikamjibu, "Kuna mashati!" Nilipasua foronya kwa meno, pamba ikajaa chumba, nikarudi na daftari chini ya kwapa na pamba kichwani. Hakuna aliyeniambia kuhusu ile pamba mpaka mchana.

Kosa langu la tatu, maana siku ile nilikuwa sijatosheka, ni kwamba nilipofika nililiweka daftari mkononi mwa mtu wa kwanza niliyemkuta. Alikuwa Mzee Wanga.

Akalifungua katikati. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: "'Kifungo kimepasuka. Suruali imechelewa siku mbili. Mashine ya tatu inaacha alama ya kutu.'" Akageuza. "'Mzee hajibu salamu.'" Akageuza tena. "'Mzee hajibu salamu.' 'Mzee hajibu salamu, nilimwamkia mara tatu.'" Akavua miwani. "Binti, unaandika kunihusu mimi?"

"Naandika wanachosema, mzee."

"Kwenye duka langu, kwa mshahara wangu, unaniwekea faili? Toka. Na safari hii ni kweli."

Aliyetuokoa ni Mvuke. Alikuja mbele na shuka begani, jasho linamtiririka, akasema kwa upole kabisa: "Mzee, mfukuze saa saba."

"Nini?"

"Sasa hivi ni saa nne na robo. Mimi najua kunyoosha, wewe unajua kutia wanga. Nani kati yetu anajua shati la nani? Mwache apange kwanza. Saa saba tunafunga, utamfukuza vizuri, bila haraka."

Mzee Wanga alifikiri. "Saa saba," akasema, akampa mwanangu daftari.

Tukatandaza mashati juu ya meza ya pasi na kaunta na benchi, na Mpekuzi akawa anasoma, sisi tunatafuta. Dereva wa ofisi alikuwa amenung'unika kwamba mkanda wa gari unamla shingo, na kweli, mashati matatu yalikuwa yamechakaa kola upande mmoja tu. Meneja wao kalamu zake huvuja. Tukapata matatu yenye doa la buluu, hafifu, ndani ya mfuko wa kifuani. Kaka mmoja mrefu alilalamika kuwa shati linamchomoka akinyoosha mkono, na pindo za mashati yake zilikuwa zimeshushwa na fundi asiye na haya. Mmoja hutumia mkono wa kushoto, na mkono huo wa shati umesagika mwishoni kwa kusugua meza.

Mwanzoni mimi nilisimama kando, mikono nyuma, naogopa hata kupumua. Kisha nikaona. Bega la kushoto la shati moja, mahali kitambaa kimelainika na kuwa na weupe usio weupe wa wenzake, kama duara.

"Huyu ananyonyesha," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Anampakata mtoto bega hili akimcheulisha. Maziwa hayo. Hayatoki kwa sabuni ya kawaida, lazima uloweke kwanza kwa maji baridi."

Mpekuzi akapekua kurasa zake haraka. "'Dada wa madai. Harufu ya maziwa haiishi begani.' Mama!" Akanikumbatia mbele ya watu, na shati la watu katikati yetu. "Unaona kuliko mimi!"

"Weka shati chini, litakunjika," nikamwambia, lakini nilikuwa nimefurahi mpaka masikio yananiwaka.

Kuanzia hapo sikurudi kando. Miaka yote nimekuwa mtu wa kutazama, nani amekuja zahanati na kiatu kipi, nani hajala, nani amelia. Nilidhani huo ni woga wangu tu. Kumbe ni jicho.

Saa sita kasoro robo tulikuwa na marundo manane ya matatu matatu. Yalibaki mashati matatu ambayo hayakuwa na kitu. Hakuna doa, hakuna pini, hakuna pindo. Tuliyageuza mpaka tukachoka.

"Aliyebaki ni nani?" Mzee akauliza. Sasa alikuwa amekunja mikono ya shati na yeye.

"Karani wa masijala," Mpekuzi akasema. Akatafuta daftari zima, mbele na nyuma. "Hayumo. Hajawahi kulalamika hata siku moja."

Mvuke akapiga meza. "Basi ndiyo yake! Mashati yasiyo na malalamiko ni ya mtu asiyelalamika."

Wakaanza kuingia. Dada wa mapokezi akapokea yake na kucheka, maana mwanangu alikuwa amemshonea kishikizo kidogo cha siri kando ya kifungo cha tatu, muda ule ule wakati sisi tunahangaika na kola. Dereva akapokea yake. Meneja, kaka mrefu, dada wa madai na mtoto wake mgongoni, na mimi mwenyewe nikamweleza habari ya maji baridi. Nane walichukua, nane wakaangalia, hakuna aliyesema hili si langu. Hakuna aliyelalamika. Mkono wa saa ukawa unakwenda saba, na mimi nikawa nahesabu dakika. Mwezi ulikuwa unakwisha safi.

Wa mwisho akaja karani. Mtu mwembamba, mpole, anatembea kana kwamba sakafu imelala na yeye hataki kuiamsha. Akapokea mashati yake, akayatazama, akasema, "Ndiyo yenyewe. Asanteni." Akageuka.

Na mwanangu, mtoto niliyemzaa kwa uchungu, akamwita.

"Kaka, samahani. Kuna kitu chochote kinakusumbua kwenye mashati haya?"

Nilimfinya kiuno. Nilimfinya kwa nguvu zangu zote.

"Hapana, dada, hakuna," karani akasema.

"Hata kidogo? Miaka yote hii hujaniambia kitu."

Nikamfinya tena. Mzee Wanga alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yetu. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi. Dakika kumi tu, kona ingekuwa yake! Akavumilia vidole vyangu, akamtazama yule mtu kwa utulivu, akangoja.

Karani akaweka mashati kwenye kaunta. Akashika shingo yake.

"Kwa kweli," akasema, "kola inanikata. Ni wanga. Unakuwa mwingi sana, nikigeuza shingo naumia. Mchana huwa naficha leso hapa ndani." Akatoa leso kweli, imekunjwa vizuri. "Miaka minne sasa."

Nikafunga macho. Nilisikia miguu ya Mzee Wanga ikija.

"Miaka minne," mzee akasema. "Na hukuniambia?"

"Shikamoo, mzee," karani akasema, kwa sababu ya hofu nadhani. "Nilikuwa nakuamkia, huitikii. Nikaona mtu asiyepokea salamu, nitamkabidhije shingo?"

Nilifungua jicho moja. Mzee Wanga alikuwa amekaza uso kama leso yake. Kisha mkono wake ukapanda polepole hadi kwenye kola yake mwenyewe, kola nyeupe, ngumu, iliyomtia mstari mwekundu shingoni ambao kila mtu alikuwa akiuona na hakuna aliyewahi kuutaja. Akafungua kifungo cha juu. Akageuza shingo kushoto. Akageuza kulia.

"Marahaba," akasema. Halafu: "Hata mimi inanikata."

Mvuke ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya kapu la nguo. Karani akafuata, kicheko chembamba cha mtu asiyekizoea. Mpekuzi aliinama juu ya kaunta, mabega yanamtikisika, na mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na hapo ndipo dada wa madai, aliyekuwa bado mlangoni, aliponiambia, "Mama, una pamba kichwani."

Saa ikapiga saba.

"Saa saba, mzee," Mvuke akakumbusha, akifuta macho.

"Najua saa." Mzee Wanga alimgeukia mwanangu. "Nilisema asije mtu kulalamika."

"Hakuja, mzee. Nilimwita."

"Ungemwacha aende ungepata kona yako."

"Ningepata kona, mzee," Mpekuzi akasema, "na yeye angerudi na leso yake shingoni. Sasa kona yangu ingekuwa ya nini?"

Mzee akaenda kwenye ile mashine mbovu, akavuta turubai, vumbi likaruka.

"Mvuke, njoo tusukume kitu hiki," akasema. "Nawe binti, Jumatatu uje na cherehani. Na hilo daftari liwekwe hapa juu ya kaunta, waziwazi, nilione." Akapiga chafya. "Ile habari ya salamu ifute."

"Siifuti, mzee. Nitaandika chini yake: imeshughulikiwa."

Sasa ni mwaka na nusu. Kona ile ina cherehani mbili, moja ya umeme. Mwanangu bado ameajiriwa kaunta asubuhi, mchana ni fundi, na ameanza masomo ya jioni ya ubunifu wa mavazi kwa sababu, anasema, kuna manung'uniko ambayo sindano yake haijayafikia. Anazungumza juu ya duka la pili. Mimi nikisikia "la pili" bado nauliza kaunta ya kwanza ataachiwa nani, nisidanganye. Mzee Wanga anauliza kila mteja, "Kola ngumu, wastani, au laini?" na karani wa masijala siku hizi analalamika kuhusu kila kitu, hadi hali ya hewa.

Jumamosi mimi nakwenda pale kusoma nguo kabla hazijaingia majini. Ndivyo wanavyoita, kusoma. Natafuta doa, mshono uliolegea, mahali panapotaka kuchanika, nasema na Mpekuzi anaandika. Wiki iliyopita nilikuta koti zuri lenye uzi mrefu unaoning'inia kwenye mkono, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkasi.

"Mama!" akaruka. "Usiguse, kazi ya watu hiyo!"

Tukatazamana. Halafu akaniletea mkasi mwenyewe, akaniwekea mkononi, mpini mbele.

"Uliza kwanza ni uzi wa nini," akasema. "Kisha kata."